Nchi ya Waliotupalilia: Khabari za Kwekwe na Mimea ya Kufunika Ardhi huko Puge



Katika barua zinazotufikia ofisini hakuna jambo linalorudi mara nyingi kuliko palizi. Mwenye shamba huuza karafuu zake vizuri, lakini akishamlipa mchumaji na akamlipa na mpaliliaji, hujikuta amebakiwa na kidogo kuliko alivyodhani. Na yuko mwenzake aliye na taabu zaidi, naye ni yule aliyepanda miche michanga, akatia mboga baina ya mistari ili apate cha kula na cha kuuza wakati akingoja miaka sita au saba mikarafuu ianze kuzaa. Huyu hana karafuu ya kuuza wala fedha ya palizi, na kwekwe zinamlia mboga zake mbele ya macho. Ni kwa ajili ya huyu wa pili khasa tumeandika makala haya.

Maarifa tumeyafuata mbali kidogo. Tumekwenda Puge, mji mdogo wa wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, ulio kama nusu ya njia baina ya Nzega na Tabora mjini. Mvua ya huko ni kadiri ya nusu ya mvua ya Pemba, na huja mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili; baada ya hapo ni jua mpaka Oktoba. Mtu wa huko akikosea palizi ya Januari hana vuli ya kumwokoa.

Huenda mtu akauliza, watu wa visiwani wana nini na Puge? Sababu tunayo. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mashamba ya karafuu yalipungukiwa na watu wa kupalilia. Kuchuma watu walikupenda, kwani mchumaji hulipwa kwa alichochuma na msimu wake una furaha. Kupalilia walikuwa wakikukimbia. Katika waliokuja kuifanya kazi hiyo kwa ujira walikuwako Wanyamwezi wengi, watu ambao wazee wao waliijua njia ya pwani kwa kuchukua mizigo ya misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Kwa hivyo jembe la Mnyamwezi limepita chini ya mikarafuu yetu mingi ya zamani. Walikuwako pia wakaazi wa mashamba, walioruhusiwa kulima muhogo na kunde baina ya miti, na malipo yao kwa mwenye shamba yalikuwa ni kuiweka ardhi bila ya magugu. Mpango ule ulikuwa ndiyo hii mimea ya kufunika ardhi inayohubiriwa leo na mabwana shamba, ila hakuna aliyeujua kwa jina hilo.

Na sisi nasi tulipeleka kitu huko. Tabora, ambayo wasafiri wa Kizungu wa wakati ule waliiandika Kazeh, ilikuwa maskani ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani na Unguja. Burton alipofika hapo Novemba 1857 aliwakuta wamejenga, wanalima ngano na vitunguu katika bustani zao. Miembe ya Tabora inajulikana mpaka leo. Basi bustani ya mboga katika nchi ile si jambo la jana.

Bustani tuliyokaa nayo zaidi ni ya mama mmoja aliyekwisha kupita miaka sitini. Ni kama robo eka, imekaa mahali ambapo mchanga wa juu unateremka na kukutana na udongo mweusi wa mbuga. Chini yake ni majaruba ya mpunga. Ua wake ni wa minyaa, na sababu ya ua huo tutaieleza mbele.

Tulimwamkia, akaitikia “Mwangaluka” na kutupa viti vya miguu mitatu. Alipojua tumetoka kwenye karafuu alicheka sana. “Babu yangu alikwenda huko kupalilia,” akasema. “Leo nyinyi wajukuu wa matajiri mmekuja kujifunza jembe kwangu. Haya, leteni kwanza ujira wa babu!” Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ni wa siku nyingi, nasi tuliulipa ujira huo kwa pakiti ya karafuu, akaifunga katika pindo la kanga.

Tuanze na matuta, maana ndiyo msingi. Mnyamwezi halimi sesa kama alimavyo mtu wa kwetu, ila pale anapopenda. Hulima matuta, na namna anavyoyafanya ina akili kubwa. Mvua za kwanza zikinyesha, majani yaliyoota pamoja na mabua ya mwaka jana hukusanywa na kulazwa katika mfereji ulio baina ya matuta mawili ya zamani. Kisha tuta la zamani hupasuliwa katikati, nusu ikageuzwa huku na nusu kule, ikayafunika yale majani. Palipokuwa na mfereji pamekuwa tuta, na palipokuwa na tuta pamekuwa mfereji. Kwekwe zimezikwa chini zikiwa bado hazijatoa mbegu, na huko zinaoza na kuwa mbolea. Baada ya wiki chache mpaliliaji hupita tena, akakwangua mbavu za tuta, na udongo ulioporomoka akaurudisha juu. Ukiangalia, kazi moja imefanya mambo matatu: imeua magugu, imelisha ardhi, imezuia maji yasikimbie.

Kuna kasoro moja, na mama yule anaijua ingawa hakuisoma kitabuni. Mabua makavu yakizikwa, mimea iliyo juu huwa manjano kwa wiki za mwanzo. Sababu ni kwamba vijidudu vya udongo vinavyoozesha mabua huhitaji chakula kile kile cha naitrojeni ambacho mboga inakitaka, navyo hujichukulia kwanza. Majani mabichi ya jamii ya kunde hayana shida hiyo, kwa kuwa yenyewe yana naitrojeni nyingi iliyotokana na hewa. Ndiyo maana katika matuta yatakayopandwa nyanya na vitunguu yeye haziki mabua ya mtama, huzika marejea.

Marejea wengi wetu visiwani hatuijui. Ni mmea wa jamii ya kunde, hupanda juu kuliko kimo cha mtu, una maua ya manjano, na ganda lake likikauka hulia kama kayamba. Kusini mwa Tanzania, Padre Gerold Rupper, mmonaki Mbenediktino wa Peramiho karibu na Songea, aliitangaza sana kwa wakulima katika miaka ya 1980, kwa mbolea yake na kwa nguvu yake ya kuzuia magugu. Magharibi ya Kenya majani yake machanga ni mboga ya watu, huitwa mitoo. Mbegu zake ni ndogo. Kilo nne hadi sita zatosha eka nzima ikiwa zitamwagwa kwa mkono na kufukiwa juu juu. Mwanzo wake ni mdogo na mnyonge, kwa hivyo lazima ipaliliwe mara moja katika mwezi wa kwanza. Anayeimwaga na kuiacha hupata shamba la kwekwe lenye marejea mbili tatu katikati. Lakini ikishafika kwenye goti hufunga, na chini yake huoni jani jingine.

Siku ya kuikata ndiyo siri yenyewe. Hukatwa pale maua ya kwanza yanapochanua, kabla ya maganda. Hapo shina bado laini na naitrojeni imejaa katika majani. Ukingoja mbegu, shina limekuwa kuni, na mwaka ujao marejea yenyewe imekuwa kwekwe yako. Huko Puge huimwaga mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari, huikata Machi, hulazwa au kuzikwa, wiki mbili hupita ili joto la kuoza lishuke, kisha miche ya vitunguu na nyanya hutiwa wakati mvua zinaaga. Kuanzia hapo ni maji ya kisima kifupi na ndoo.

Faida nyingine ya marejea ni kwa mwenye nyanya. Iko minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayotia mizizi ya nyanya vinundu, mti ukadumaa. Minyoo hiyo haizaani vizuri katika marejea. Katika kunde na fiwi huzaana. Kwa hivyo mtu anayetanguliza kunde mahali atakapotia nyanya huenda anaifuga minyoo bila ya kujua. Kunde na zitangulie mahindi.

Vitunguu ndivyo vinavyomtia mtu aibu. Jani lake ni jembamba na limesimama, halitii kivuli chini, na mche hukua polepole. Basi kila mbegu ya gugu iliyo karibu huona imekaribishwa. Wiki sita hadi nane za mwanzo ndizo zinazoamua. Tuta likiachwa wakati huo, hata ukilisafisha baadaye vichwa havitanenepa. Katika matuta ya mama yule palizi ya vitunguu hufanywa kwa mkono, lakini baada ya palizi ya kwanza hutandika majani makavu ya mpunga kutoka majarubani, unene wa vidole vinne, yasiguse shingo ya mche. Alituambia palizi iliyobaki baada ya hapo ni ya kuokota.

Sasa tuseme ndago, na hapa tuombe radhi kwa urefu, maana hakuna mwanachama asiyeichukia. Mwaka 1977 wataalamu waliandika orodha ya kwekwe mbaya kuliko zote duniani, na ndago waliiweka ya kwanza. Nguvu yake iko chini. Vile vijiazi vyake vimeungana kwa uzi mwembamba kama shanga, na kimoja kilichochipua huwazuia wenzake wasichipue. Unapopiga jembe mara moja na kwenda zako, umekata uzi, na kila kilichokuwa kimelala kimeamka. Ndiyo ile ajabu ya mtu kupalilia Ijumaa na Ijumaa ya pili akakuta ndago zimekuwa maradufu.

Lakini ina maadui wawili: jua kali na kivuli. Vijiazi vilivyo vingi haviko chini zaidi ya shubiri moja. Huko Puge, mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa imekauka, kona ya ndago huchimbwa na kupinduliwa, vijiazi vikaachwa juu ya udongo wiki mbili au zaidi, vikafa kwa kiu. Hupinduliwa tena. Mvua zikija, kona ile haipandwi mchicha wala vitunguu; hupandwa viazi vitamu. Mashina ya viazi yakishatambaa, ndago iliyosalia hukaa gizani, nayo haiwezi giza. Viazi vyenyewe havipotei kazi. Wanyamwezi huvikata vipande wakavianika vibichi, wakapata michembe, au huvichemsha kwanza ndipo wakavianika, wakapata matobolwa, chakula cha miezi ya njaa. Tulikula matobolwa kwa karanga na tulimaliza sahani.

Kwetu jua la kuulia ndago ni la kaskazi, Januari na Februari, na yafaa aliye na bustani yenye ugonjwa huo aziweke siku hizo kwa kazi hiyo. Masika hakuna faida. Ndago iliyopinduliwa siku ya mvua imepandwa upya.

Si kila kilichoota bila ya kupandwa huko hung'olewa. Mgagani, ambao kwa wengine ni gugu la njiani, huachwa katika mistari mpaka uwe na majani ya kuchuma. Hupikwa kwa karanga au maziwa ili upungue uchungu, na mwingine hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Mlenda kadhalika. Mama yule alisema kijana wake wa kiume alikodi mtu kupalilia, mtu yule akang'oa kila kitu, na wiki nzima nyumba haikuwa na mboga. Kwa maoni yetu mpaliliaji yeyote aonyeshwe kwanza kisichong'olewa.

Wenye mahindi au mtama kando ya bustani wana adui mwingine, kiduha, kenye ua zuri na mdomo katika mizizi ya mwenzake. Mche mmoja hutoa mbegu elfu nyingi sana, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Karanga, njugu mawe na kunde huzidanganya baadhi ya mbegu hizo zikachipua, na kwa kuwa haziwezi kunyonya mizizi ya mimea hiyo, hufa. Mboga za majani hazidhuriki na kiduha, kwa hivyo hapa hatukawii.

Tumesema ua wa minyaa una sababu. Nzega ni nchi ya ng'ombe. Mavuno yakimalizika, mashamba ni malisho, na si desturi kumzuia jirani. Mtu aliyeacha fiwi mbichi au matandazo mazuri katika shamba lisilo na ua hukuta asubuhi pamebaki nyayo. Kilichosazwa na ng'ombe huliwa na mchwa, na kilichosazwa na mchwa huchukuliwa na moto wa kiangazi. Haya ndiyo yanayofanya maneno ya vitabuni kuhusu matandazo yawe magumu huko, na si uvivu wa mtu. Lakini Wanyamwezi na Wasukuma wanayo pia desturi ya ngitili, yaani kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua ili kitumike kiangazi kikali, na watu wanaoweza kukubaliana juu ya ngitili wanaweza kukubaliana juu ya bustani.

Mkoa huo huo umewahi kuona kinyume chake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa, na sehemu yake nyingine ikawa Urambo, magharibi ya Tabora. Msitu uling'olewa kwa mashine, ardhi ikaachwa wazi kwa jua na mvua. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua haba na mashine mbovu zikiwamo, na Januari 1951 mradi uliachwa, zikiwa zimekwisha pauni milioni 36 hivi. Wakati wote huo mwenyeji alikuwa akivuna karanga zake juu ya matuta.

Katika haya, ni yapi ya kuchukua visiwani? Matuta ya kuzika majani yanafaa katika bustani za mboga za mabonde, na katika miteremko ya Pemba yakilazwa kukingama mteremko, si kufuata maji. Lakini chini ya mkarafuu usichimbe tuta. Mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na jembe la nguvu huikata. Huko palizi iwe ya kukwangua, duara la hatua moja kulizunguka shina, na matandazo yasiguse gome.

Baina ya mistari ya miche, marejea yafaa, fiwi yafaa, kunde zafaa. Upupu usiowasha, ambao mabwana shamba huusifu, na kweli hufunga ardhi kwa muda wa miezi miwili, sisi tunauogopa. Ni mtambaazi na mpandaji. Ukiukosa wiki mbili umekwisha kuupanda mkarafuu wa kimo cha mtoto na kuukaba. Aliye nao auweke mbali na miche, au awe mtu wa kupita kila Jumamosi na panga. Fiwi nayo ina tabia hiyo, kwa upole zaidi. Na mwenye miti inayozaa asiache mfuniko mrefu mpaka wakati wa kuchuma, kwani karafuu zinazoanguka hazitaonekana tena, na majani makavu chini ya miti ni moto unaongoja kiberiti.

Tunajua pia litakalosemwa. Katika vijiji vyetu shamba lililofagiliwa kama uwanja ni heshima ya mwenyewe, na lenye majani ya kulazwa huitwa shamba la mvivu. Tumekwisha kulisikia neno hilo likisemwa kwa mwanachama mmoja wa Pemba aliyeacha kunde chini ya miche yake, na likamuumiza hata akazing'oa. Masika yaliyofuata mteremko wake uliingia mfereji wa kina cha goti, na miche minne ikaenda na maji. Watu waliomcheka hawakumsaidia kuupanda upya.

Anayetaka kujaribu na aanze kwa kipande cha hatua kumi kwa kumi, karibu na nyumba, mahali atakapopaona kila siku. Vuli ikianza amwage marejea, apalilie mara moja, aikate ikichanua, na baada ya wiki mbili atie mboga. Kando yake aache kipande kama hicho kwa desturi yake ya siku zote, kisha ahesabu siku za palizi alizotumia huku na kule. Siku hizo ndizo fedha.

Jambo la mwisho ni mbegu. Marejea haiuzwi katika kila duka, kwa hivyo kila anayepanda na aache kona moja isikatwe mpaka maganda yawe ya hudhurungi na yaanze kulia. Yachumwe asubuhi kabla ya jua kuyapasua, yapigwe juu ya mkeka, mbegu zianikwe siku mbili, zitiwe katika chupa kavu yenye kifuniko. Mwenye ziada azilete ofisini. Zitapimwa kwa kibaba na kuandikwa daftarini, apewe mwanachama mwingine anayezihitaji, naye arudishe kibaba hicho akishavuna.